Thamani ya Awali

Mipangilio ni ishirini na mitatu.
Nimeihesabu mara mbili, kwa penseli,
nyuma ya bahasha ya bili ya umeme,
maana Endel, aliyeunda programu hii,
haamini hesabu iliyofanywa na mashine peke yake.

Miaka thelathini na minane alitenga barua
katika posta ya Võru. Vidole vyake vilijua
bahasha ya mahakama na bahasha ya mchumba
kabla macho hayajafika kwenye anwani.
Alipostaafu akajifunza kuandika programu,
akaunda posta nyingine ndani ya skrini nyeusi:
haina picha, haina kipanya,
unaandika neno, unabonyeza,
na barua zinatoka gizani zimepanga foleni.

Mwongozo hakuandika. Hilo aliniachia mimi,
kwa ujira wa mkate mweusi kila Ijumaa.

*Njia*: folda zinamolala barua zako.
*Jina*: wewe ni nani.
*Anwani nyingine*: ulikuwa nani
ulipokuwa na kazi ile, au mume yule.
*Lebo mpya*: kila barua iingiayo hupewa "haijasomwa",
hata ile ambayo hutaisoma kamwe.

Nilikwenda vizuri mpaka wa kumi na saba.

*Puuza.* Thamani ya awali: tartu-4.

Kila anayesakinisha hurithi neno hilo.
Mtu wa Montevideo aliwahi kuniandikia:
*mbona programu yangu inaruka kwa uangalifu
folda ambayo sina?*

Nikavuka uani kwenda kumuuliza.
Ziwa Tamula lilikuwa limeganda, jeupe kama sahani,
naye alikuwa akipasua kuni za mbetula.
Shoka akaliacha limesimama kwenye gogo.

"Wadi ya nne," akasema. "Hospitali ya Tartu.
Leida aliandika kila usiku, wiki kumi na moja.
Kuni kavu ziko upande gani.
Dirisha la jikoni lina ufa, litie gundi kabla ya Novemba.
Halafu, baadaye, nikitafuta *kuni*, ni yeye.
Nikitafuta *risiti*, ni yeye.
*Dirisha*: yeye, wa kwanza, juu kabisa,
na mimi nataka tu namba ya fundi."

"Ukazifuta?"

Akanitazama kama nimebandika stempu kichwa chini.

"Hazijafutwa," akasema.
"Hazitafutwi tu."

Usiku niliandika: *Folda ya mfano. Haina maana maalumu.*
Nikaona haya, nikaufuta mstari.
Rasimu ya pili ilikuwa ndefu, na ilikuwa na machozi,
na jedwali langu lina safu tatu:
jina, aina, maelezo.
Machozi si aina. Nilijaribu.

Ya tatu ndiyo hii:

*Puuza. Folda ambazo faharasa itazipita
bila kubisha hodi. Barua zilizomo
hubaki mahali pake, nzima.
Thamani ya awali: tartu-4. Iache.*

Endel alisoma kwa miwani miwili,
mmoja juu ya mwingine, kama kawaida yake.
Alisoma polepole mno kwa mistari michache hivyo.
Kisha akakata neno la mwisho.

"Usiwaamrishe," akasema. "Andika: *badilisha,
weka folda yako.* Yule wa Montevideo
naye ana dirisha lake."

Nikaandika hivyo.
Akaniuliza, kama mtu wa posta,
kama nimeweka tarehe.
Nilikuwa nimesahau.

Akanikatia mkate, ingawa ilikuwa Jumanne,
akarudi uani, nikasikia shoka.
Dirisha la jikoni lina mstari wa gundi
uliokauka rangi ya asali,
umepinda kidogo karibu na komeo.

Bado mipangilio sita.
Wa kumi na nane ni rangi za skrini.