Dirisha Namba Tatu

Miaka sita nakaa hapa, Temeke, nyuma ya kioo,
nikisema sentensi moja kwa sauti ya mashine:
"Bima inalipa sehemu. Iliyobaki, mama, ni yako."

Iliyobaki ilikuwa elfu arobaini na tano.
Siwema alikuja na kadi ya kazini kwa mumewe,
akafungua fundo la kitenge, akahesabu noti za vitumbua
zingali na mafuta.
Zikapungua.
"Nitarudi mwisho wa mwezi," akasema,
na mkono ukaenda wenyewe chini ya kwapa,
pale penye kitu kama punje ya kunde.

Nina daftari la walioniambia nitarudi.
Si la ofisi. Ni langu.
Kunde haingoji mshahara;
ikipata unyevu, inaota.

Jumatatu wamebandika waraka:
picha ya titi, ultrasaundi,
hata kinyama kinachokatwa kwenda maabara,
mgonjwa hachangii kitu.
Nikausoma mara mbili, nikidhani kuna mstari umerukwa.

Mchana nikaanza kupiga simu.
Wa kwanza alicheka, akaniita tapeli.
Wa pili yuko Mbagala, anakuja kesho na dada yake.
Wa tatu, namba haipatikani. Nikaiwekea alama, nitajaribu tena usiku.
Ya Siwema akapokea mtoto wa kiume.
"Mama yuko sokoni. Nimwambie alete shilingi ngapi?"

"Mwambie aje mikono mitupu."

Kimya. Nikasikia redio kwao, na kuku.

"Sawa," akasema. "Lakini shilingi ngapi?"