Sarafu ya Lifti

Alisema, "Nipe Kaspi,"
nami nikacheka, nikampa chumvi.
Mwalimu wa jiografia miaka thelathini na minne,
mama yangu Nazibrola hutania kwa ramani:
sukari huiita Kuba, sakafu ya bafuni huiita Siberia.
Basi nikacheka. Nikaendelea kumenya viazi.
Aliposema Kaspi mara ya pili
chumvi ilikuwa tayari mkononi mwake,
inamwagika,
na upande mmoja wa uso ulikuwa umeshuka
kama pazia lililong'oka pete.

Hapa Tbilisi, Aprili ile,
kila ugonjwa ulikuwa na jina moja.
"Ana homa?" aliuliza binti wa simu ya dharura.
Hapana.
"Anakohoa? Anasikia harufu? Amekutana na mgeni?"
Dada, mdomo wake umekwenda upande.
"Anakohoa?"

Wiki saba hatukuvuka kizingiti.
Mkate ulipanda kwa kikapu na kamba,
tukaupanguza kwa siki kama mtoto mwenye homa.
Tuliziba madirisha, tukaziba pua,
tukamvizia adui mlangoni,
kumbe mwingine alikwisha kuingia kitambo,
amelala ndani ya mshipa, hana haraka.

Walifika dakika ya arobaini,
wawili, weupe toka utosi hadi unyayo,
miwani imejaa ukungu wa pumzi zao.
Walipanda kwa miguu, ghorofa tisa.
Mmoja alikaa kwanza sakafuni, akahema,
ndipo akamshika mama mikono:
"Bibi, nibane vidole."
Wa kushoto ulibana.
Wa kulia ulilala tu, kama glavu.

"Tumshushe kwa lifti. Una sarafu?"

Lifti ya jengo letu haijui huruma, inajua tetri ishirini.
Ina kisanduku chenye mdomo;
usipokilisha haiendi, uwe bwana harusi, uwe maiti.
Na sarafu zetu zote
mama alikuwa ameziosha kama mchele, maji matatu,
akazitia kwenye chupa ya jemu,
na Jumanne mimi nikazishusha kikapuni zote
kumlipa muuza mkate.
Nilipekua makoti. Nilipekua suti ya marehemu baba.
Nilipindua kochi:
kifungo, maganda ya alizeti, noti ya lari hamsini.
Lari hamsini!
Mdomo ule haukuwa na upana wa kuimeza.

Nikapiga kelele ngazini.
Sikumwita mtu. Nilisema tu, "Ishirini! Ishirini!"
Milango ikafunguka upana wa jicho, ikafungwa.
Siwalaumu; wale weupe walikuwa nyuma yangu.

Guram wa ghorofa ya nane,
ambaye hatukusemezana naye tangu maji yetu yaibomoe dari yake,
alitoka na kaptula, bila barakoa,
akapanda ngazi mbili mbili,
akaitia sarafu yeye mwenyewe.
Kli.
Wakamkalisha mama juu ya kiti chetu cha jikoni,
wakamfunga kwa mkanda wa kanzu yake ya kulalia,
na milango ikajifunga kabla sijajua
kwamba mimi siruhusiwi kwenda.
Nilibaki nikisikiliza kamba za chuma
zikihesabu ghorofa kwa sauti.
Kile kiti hakikurudi.

Yeye alirudi Juni, mguu mmoja ukimfuata kwa kuchelewa.
Miji mikuu yote imo kichwani, haikupotea hata mmoja;
kilichopotea ni kijiko.
Akitaka kijiko husema Oslo, nami namletea Oslo.
Mto wa kulalia ni Ankara. Kaspi bado ni chumvi.
Mimi, mwanawe, siku nyingine ni Lisboni,
na siku nyingine ananitazama tu,
akipitisha kidole hewani, akinitafuta.

Niliweka tetri ishirini juu ya zulia la Guram.
Asubuhi nikaikuta chini ya mlango wangu.
Nikaishusha tena. Ikapanda.
Bado hatusemezani.
Leo iko kwangu, ndani ya chupa ya jemu,
peke yake.
Haijaoshwa.