Kuanzia Moja

Plovdiv, Julai, ghorofa ya nane.
Lami huko chini imelainika, inashika visigino.
Kazi yangu kuchora nyumba ambazo hazijajengwa:
mabaraza yenye upepo, vivuli vya mizabibu,
na kompyuta inayozichora inatokota.
Nyuzi tisini na tano. Feni inalia
kama mtu aliyefungiwa chooni.
Kisha giza,
na uso wangu kwenye kioo, na jasho lake.

Zapryan, mvunja magari wa mtaa wa Trakiya,
alinipa rejeta ndogo iliyotoka kwenye hita ya Moskvich,
shaba tupu, nzito kama paka aliyelala.
"Usiioze kwa alumini," akasema. "Itaoza.
Wakilala kitanda kimoja chenye maji
mmoja humla mwenzake polepole."
Nikaisuuza bafuni kwa siki, mara nne.
Ikatapika baridi za miaka thelathini:
kutu, matope, kitu kama chai.

Pampu ni ya Bi Tsonka, mlango wa pili;
ilikuwa ya samaki wake.
Sikuuliza samaki wako wapi.
Aliyeuliza ni yeye: "Maji na umeme, mwanangu?
Sanduku moja?"
Nikacheka mbele yake.
Usiku nikaota soketi inayokunywa.

Wanasema maji hayapandi mlima.
Hupanda, ukiyasukuma.
Taabu ni kwamba hushuka bila kusukumwa
na njia wanaijua wenyewe.
Basi mpira niliukata kwa wembe mpya,
si kwa mkasi unaouacha mdomo umepinda.
Kila kiungo klipu ya chuma, bisibisi,
robo mzunguko, na robo tena.
Waya wa pampu nikauacha uning'inie
chini ya soketi kwanza, ndipo upande,
ili tone likiuteleza
lidondokee sakafuni, lisiingie ukutani.

Kompyuta nikaichomoa.
Kebo yake nikaifungia kabatini
na ufunguo nikampa dada yangu Nevyana,
aende nao kwake,
kwa kuwa najijua.

Pampu ikazunguka peke yake.
Majini nilitia chembe ya rangi nyekundu
iliyobaki kwenye mayai ya Pasaka,
na kila mahali tishu nyeupe, tishu, tishu,
mezani kama kwa mgonjwa wa kutoka damu puani.

Saa ya kwanza, kavu.
Saa ya tano, mapovu; nikaiinamisha rejeta
huku na huku, yakatoka yakikoroma. Kavu.
Saa ya kumi na mbili nikampigia Nevyana:
niletee ufunguo, inatosha.
Akakata simu.
Saa ya kumi na tisa, alfajiri,
nukta.

Ndogo kama punje ya dengu.
Nyekundu, pembeni imefifia,
juu ya tishu iliyofunika kadi ya picha,
kadi niliyoilipia mishahara miwili.

Nilikaa sakafuni nikaitazama kwa muda mrefu.
Haikukua. Haikuwa na haraka yoyote.
Ningepewa ule ufunguo
ningekuwa nimelala, na umeme ndani.

Nikakaza. Robo mzunguko.
Nikabadilisha tishu, zote, hata zile kavu,
nikaanza kuhesabu tena kuanzia moja.
Zapryan alisema si lazima, endelea na ishirini.
Kuanzia moja.

Ile nyekundu nikaimwaga, nikasuuza hadi ikatoka nyeupe.
Sasa mna maji yaliyokenekwa, yale ya kutilia betri.
Nyuzi hamsini na mbili, hata saa tisa alasiri
wakati njiwa wanakaa dirishani midomo wazi.
Kumekuwa kimya kiasi kwamba kupitia ukuta
namsikia Bi Tsonka akiligongagonga tangi kwa kidole
na kuliita majina matatu.

Pampu mpya nimeagiza. Hii nitamrudishia.

Tishu sijaziondoa.
Kila Jumapili nazimulika kwa tochi.
Nyeupe.
Naziacha.