Mlango wa Kumi na Mbili

Umeme ulikatika kwenye ukurasa ule ule
tuliokuwa tunaugombania.
"Hata Tanesco wamekisoma!" Holo akacheka.
Nikawasha mishumaa iliyobaki ya Pasaka,
na jabali la Isamilo, ambalo ndilo ukuta wangu wa nyuma,
likasogea hatua moja kuelekea mezani.

Vinywaji nilivipa majina tangu asubuhi.
Damu ya Biharusi: rozela, konyagi, karafuu mbili.
Ukungu: tui la nazi na barafu ya kupondwa.
Na cha Bigambo, asiyegusa pombe tangu Kwaresima,
ukwaju mtupu, nikauita Shemasi.
Alishawamaliza Mashemasi watatu.

Kitabu ni cha jumba la nchi ya baridi,
mchana lina milango kumi na mmoja.
Usiku biharusi akihesabu, kumi na miwili.
Mume anasema ni uchovu.
Waume wa vitabuni, kila kitu kwao ni uchovu.

Holo, mpima majengo, hataki kusikia:
"Mlango hauoti kama uyoga. Nipeni ramani
niwaonyeshe fundi alipolewa."
"Jini halingoji fundi," Bigambo akajibu,
wakaanza kurushiana mito ya kochi.

Nkwimba katoka zamu Bugando, viatu vyeupe bado mguuni,
anazungusha karafuu kwa kidole.
"Mimi niliishia mia mbili na tisa.
Pale anaposhika kitasa."

Tukamzomea. Mtu gani anaacha hapo?

"Nyumba yetu ya Igoma tuliiuza baada ya arobaini ya mama.
Mnunuzi kavunja ukuta, chumba chake kimekuwa sebule.
Nikilala nahesabu, na bado kipo.
Mlango wa bluu, komeo bovu,
hadi uuinue kidogo ndipo ufunge.
Sijaufungua. Nikiufungua nitajua."

Hakusema atajua nini.
Kule chini meli ya Bukoba ikapiga honi, ndefu.

Sisi watatu tulijua kilichomo nyuma ya mlango ule,
sura ya mwisho, mistari miwili tu.
Holo, ambaye hajawahi kunyamazia lolote,
akakifunga kitabu, akakikalia.

Umeme uliporudi hakuna aliyeshangilia.
"Mwezi ujao tusome nini?"
"Cha mapishi," akasema Nkwimba,
tukacheka kupita kiasi cha utani wenyewe.

Wakati wa kuondoka ndiye aliyevuta geti.
Aliliinua kidogo kwanza.
Geti langu ni zima kabisa.