Mapole

Hakimu alisema, futa.
Nikafuta. Karani habishani.
Ila neno lililokatwa mstari bado husomeka,
na hilo lilisomeka hivi: *mapole*.

Mahakama ya Mwanzo, Bahi, Jumanne ya upepo,
vumbi limekaa benchi la mashahidi kabla yao.
Mama Lechipya kasema:
Alikuja na fimbo na macho, basi.
Wa macho makavu ningemfukuza,
wa macho ya kuhangaika kama panya ghalani
ningemfungia zizi.
Huyu macho yake mapole,
nikamhesabia mbuzi saba awapeleke mnadani Msalato.
Nangoja hela tangu uwele haujachanua.

"Sifa si ushahidi," akasema hakimu.

Usiku nikaligeuza neno kwenye kibatari,
kama mtu ageuzavyo sahani akitafuta ufa.
Mtu mpole. Watu wapole. Macho mapole.
Linafuata nomino yake, linavaa kiambishi cha mwenyeji,
leo *m*, kesho *wa*, mradi lisigombane na mtu.
Polepole, tunamwambia mwenye mzigo.
Pole, tunamwambia aliyefiwa.
Mzizi mmoja huo? Sijui.
Mwalimu wangu wa Mvumi angejua, naye kaburini.

Kizimbani Chidawali alinitazama mimi,
au nilidhani ni mimi:
macho mapana, yenye maji, hayana haraka,
ya mwanambuzi aliyetoka kunyonya.
Kusema kweli, ningempa baiskeli yangu.

Ndipo dada yake akasimama, kitenge begani.
Si upole, mheshimiwa. Ni vikope.
Tangu mtoto, kope zimegeukia ndani, zinakwaruza.
Akitazama haoni, anakisia.
Msalato walimhesabia noti mkononi,
elfu kumi, elfu kumi, wakasema,
naye akapapasa, akashukuru.
Zilikuwa za elfu moja.
Aliona aibu kurudi. Aibu aliiona vizuri.

Hakimu akavua miwani, akaifuta, hakuivaa.
Na mimi nikatafuta kwenye daftari
pale neno lilipokuwa limelala chini ya mstari wangu,
lisilo na kosa,
lililomponza mama, likamponza kijana,
kwa sababu wote tuliliamini kabla ya kuuliza
lilikuwa linaelezea nini.

Mama Lechipya alimsogelea.
"Pole, mwanangu," akasema.
Kisha, bila kupumua: "Na mbuzi wangu je?"

Nikaandika la pili tu.
La kwanza hakuna aliyeniagiza.