Presha, Kabla ya Saa Moja

Kwa lugha ya kwetu jina langu, Tuulikki,
lina upepo ndani yake.
Pengine ndiyo maana asubuhi hunikuta hapa,
goti moja juu ya mkeka wa gari,
Kajaani, Oktoba, giza halijaamua kuondoka,
nikifungua vifuniko vinne vidogo
kwa vidole ambavyo havijaonja kahawa.

Kigari changu ni cha buluu, kifupi.
Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko
ambacho aliyeniuzia hakuwahi kukisoma:
mbele mbili nukta mbili, nyuma mbili kamili,
ukipakia watu na mizigo, ongeza.
Sipakii watu. Napakia bandeji, nepi za wazee,
na mashine ya presha ndani ya mfuko wake.

Usiku baridi ilishuka nyuzi kumi.
Hewa nayo hujikunyata.
Hakuna msumari, hakuna mwizi,
ila kila tairi limepungukiwa kidogo,
na jicho halioni: tairi la siku hizi
husimama wima hata likiwa na njaa.
Geji ndiyo husema.
Tss, mbili nukta moja. Tss, vivyo hivyo. Tss, moja nukta tisa.
La nyuma kulia: moja nukta sita.
Tena.

Lipime likiwa limelala.
Tairi lililotoka mbio hudanganya,
hujivunia joto la barabara,
sawa na mgonjwa aliyepanda ngazi
kisha akanyoosha mkono papo hapo.
Wagonjwa huwaambia: kaa dakika tano,
miguu chini, usiongee.

Eino huongea.
Miaka themanini na minne,
alikuwa dereva wa malori ya magogo,
matairi ishirini na mawili,
“na kila moja nililijua kwa tabia.”
Namfunga kitambaa mkononi, kinavimba,
kinamkaba, kinaachia polepole,
naye anatazama dirishani, si namba.
“Kigari chako kinainamia kulia.”
“Najua. Naongeza upepo kila Jumatatu.”
“Kila Jumatatu!
Ungekuwa daktari, ungewaua wengi kwa upole.”

Haba na haba hujaza kibaba.
Na haba na haba hukimwaga, hilo hatukufundishwa.

Akavaa koti juu ya pajama,
akasukuma kigari chake cha kutembelea hadi uani,
akalamba kidole, akapaka mate
juu ya mdomo wa valvu.
Tukangoja, vichwa viwili juu ya kitu kidogo kuliko kifungo.
Povu likatuna.
Likapasuka. Likatuna tena.
“Tairi zima. Mdomo ndio mgonjwa.”
Kutoka mfukoni akachomoa ufunguo mwembamba
niliokuwa nikiuona miezi yote
kwenye droo ya vijiko, nikidhani ni takataka.
Robo mzunguko. Mate mengine.
Povu likakaa, likatutazama, halikukua.

Ndani, mashine bado ilikuwa na namba yake:
mia na sabini na nane.
Sikuiandika. Nikamkalisha upya,
miguu chini, dakika tano kwa saa ya ukutani,
na kwa mara ya kwanza Eino alinyamaza
bila kukumbushwa.
Mia na sabini na nne.

“Vidonge,” akasema, kwa dirisha, si kwangu.
“Viliisha. Sikutaka kukusumbua.”
“Tangu lini?”
Akahesabu kwa vidole, akakosea, akaanza tena.
“Jumatatu. Ile nyingine.”

Nikapiga simu duka la dawa nikiwa nimesimama,
nikaandika zote mbili, ile ya juu na ile ya ukweli,
nikatoka.
Kwenye kituo cha mafuta nikajaza lile la nyuma
mpaka mbili kamili, na nukta moja
kwa ajili ya safari liliyokwisha kupashwa.

Kifuniko cha valvu nilikikuta saa tano,
kwa mgonjwa wa tatu, mfukoni,
nikitafuta kalamu.