Jina la Tatu

Julai, Posta Kuu, baridi ya kugonganisha meno.
Nina tiketi niliyoikunja mara nne,
na mbele yangu walikuwapo watu arobaini.
Karani wa kaunta ya kumi na tatu
anapuliza chai, anasoma fomu, anasita.
"Nasipwondi, nimeelewa. Makokha, nimeelewa.
Folkwini," asema, kama anayetafuna mfupa,
"hili la tatu ni la kabila gani?"

La watu wa matope, dada,
waliojenga nyumba juu ya vichuguu vya udongo
ili bahari isiwafikie usiku.
Alizaliwa huko, karne kumi na mbili zilizopita.
Mamake alimfia angali wa miaka mitano,
watawa wakampokea kama mzigo wa jirani:
kwa shingo upande, kisha kwa mazoea,
kisha wasijue wangeishije bila yeye.
Walimfundisha herufi juu ya ngozi ya ndama.
Hata alipokuwa askofu, kila akifungua Zaburi
alinusa zizi.

Wakamtuma kaskazini na kengele moja,
kitabu kimoja,
na wenzake wawili waliolia njia nzima.
Mfalme wa huko alimpa kiwanja cha mteremkoni,
wala si kwa imani: alitaka wachuuzi wa kusini
wapate pa kusalia, wasiende kununua manyoya kwingine.
Akajenga kwa mbao, akaezeka kwa matete.
Lakini kengele, wenyeji wakasema, itaamsha wafu.
Basi akaufunga ulimi wake kwa kitambaa cha sufu
na kila alfajiri akaipiga hivyo hivyo,
du, du, du,
kama mtu anayebisha hodi
huku akiomba asisikike.

Sokoni alinunua wavulana waliofungwa kamba shingoni,
akawafungua, akawafundisha kusoma.
Wawili walitoroka na kijiko cha fedha.
Hao ndio aliowaombea kuliko wote.

Mwaka wa kumi na moja waporaji walipanda mto na mienge.
Kanisa likaungua, kitabu kikaungua,
na ile ngozi ya ndama ikanukia nyama choma.
Alikuwa hajala siku mbili.
Mate yakamjaa kinywani.
Hilo hakujisamehe kamwe.

Uzeeni akajaribu kuhesabu aliowabatiza,
hesabu ikamshinda: wengine walirudi kila Pasaka
kwa ajili ya lile shuka jeupe,
na mmoja alilalamika kuwa la mwaka huu ni jepesi.
Alitamani kufa kwa upanga, kama mashahidi.
Alikufa kwa tumbo la kuhara, kitandani,
akimgombeza mpishi.

Karani amecheka hadi chai imemwagikia fomu.
Nyuma yangu mtu amekohoa, kikohozi cha makusudi.
"Na huyo alifikaje Kangemi?"

Kwa babu yangu, dada, aliyetaka nafasi shuleni
na kaptura ya kaki.
Padri alifungua kalenda ya watakatifu,
akaweka kidole: siku hiyo ilikuwa yake huyo.
Babu hakuweza kulitamka.
Bibi alimwita Foko hadi kaburini.
Habari za matope na shuka hakuzijua;
mimi nilizikuta kwenye kitabu kilicholiwa na mchwa,
kabatini mwa parokia.
Yeye kazi yake ilikuwa kugonga kipande cha reli
kilichoning'inizwa nje ya kanisa, watu waje.
Miaka ile ya hali ya hatari, walipokatazwa
kelele zozote kabla ya jua,
alikwenda vilevile saa kumi na moja,
akasimama kando ya reli, nyundo mkononi,
hadi wakati wake ukapita,
akarudi nyumbani kulala.

Karani hacheki tena.
Anachapa kwa vidole viwili, polepole,
anageuza skrini nione.
"Folukwini. Mfumo umekubali."
Kuna U imejipenyeza katikati, haikualikwa.
Nimeiacha ikae.
Nje ni baridi.